Gari la Mikate Lilipoacha Gesi

Fundi Athumani alizikwa bila mimi. Habari ilinifikia Nanyuki asubuhi, nikavaa viatu vya kwanza nilivyoviona nikatoka, lakini Waislamu hawamngojei mtu, na nilipoingia Majengo ya Nyeri wanaume walikuwa tayari wanarudi kutoka makaburini, wakikung'uta udongo kwenye viatu. Nilikasirika. Nilimkasirikia dereva aliyenileta, nikaikasirikia barabara, nikayakasirikia magoti yangu, halafu nikaingia kwa Bi Zainabu, mjane wake, nikaketi mkekani pamoja na wanawake wengine. Alinishika mkono akawaambia wenzake, "Huyu ndiye Wangari, yule aliyekuwa akilala chini ya gari na mzee wangu." Wanawake wakatazamana. Bi Zainabu mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza, machozi yakiwa bado mashavuni, kisha wote wakacheka, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza siku ile. Waliniletea chai ya tangawizi na mahamri. Sikuweza kukaa. Tangu ujana wangu mimi si mtu wa kukaa, muulize yeyote. Nikingoja chai ichemke nitakuwa nimeshafagia ua mzima. Nikatoka na kikombe changu hadi nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na shimo la Fundi la kutengenezea magari, nikakuta limefukiwa na kupandwa sukuma wiki.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa petroli kuadimika, miaka kumi na kitu baada ya uhuru. Sababu zake zilielezwa redioni na sikuwa na subira ya kuzisikiliza. Nilichojua ni kwamba magari yalipanga foleni kwenye kituo cha mafuta tangu alfajiri, wenyewe wakisinzia juu ya usukani, na kwamba Bwana Ndirangu, tajiri wangu, alikuwa anazunguka uani akiongea peke yake. Alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate mjini Nyeri, na kazi yangu ilikuwa kufunga mikate kwa karatasi na kuipanga kwenye kreti. Nilikuwa nimepita miaka ishirini kidogo. Alinipa chumba nyuma ya tanuri. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali, moto kutwa, na wenzangu waliuonea wivu, maana baridi ya Nyeri mwezi wa saba haina adabu. Nguo zangu zote zilinukia mkate, hata ile ya kanisani. Ukuta wa pili ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wake wa pili ndiko kulikokuwa na ofisi ya Bwana Ndirangu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Nilizijua habari zake zote bila kutaka, kuanzia tumbo lake hadi ugomvi wake na shemeji zake.

Tanuri zake zilitumia gesi, iliyoletwa na lori kutoka Nairobi katika mitungi mirefu kuliko mimi. Petroli ilipoadimika, akapata wazo. Akamwita fundi mmoja wa Nairobi, huyo fundi akaling'oa tangi la petroli la gari la mikate, akatoa pampu na kabureta, akaweka mtungi wa gesi nyuma ya kiti cha dereva na mpira wa kuipeleka gesi kwenye injini. Gari na tanuri vikawa vinakula chungu kimoja. Bwana Ndirangu alifurahi sana, alitembea mjini akiwa amefungua koti. Kilichobaki kilikuwa dereva. Dereva wake wa zamani aliliendesha hadi Kiganjo akarudi kwa miguu. Wa pili alikaa kitini, akageuka akautazama mtungi, akasema yeye ana watoto. Watu wa sokoni walikuwa wameshalipa gari jina, Bomu, na likipita mama mboga waliwavuta watoto ndani. Mikate ililala mara mbili ikaanza kuota ukungu. Basi siku moja nikavua aproni, nikasema nitaendesha mimi. Nilikuwa nimefundishwa na sista mmoja wa misheni nikibeba mapipa ya maji kwa gari la misheni, na sista huyo hakuwa mtu wa kubembeleza klachi wala mwanafunzi. Bwana Ndirangu alinitazama, akaitazama mikate, akanipa ufunguo.

Sikuwa na leseni kamili. Nilikuwa na ile ya mtu anayejifunza, na sheria ilitaka mwenye leseni akae kando yangu. Aliyepatikana ni Mzee Gathogo, mlinzi wa kiwanda, ambaye wakati wa vita vya Burma aliendesha malori ya jeshi na bado alikuwa na leseni yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza kutofautisha punda na kituo cha basi, lakini sheria haikuuliza macho. Kila safari alivaa kofia yake ya jeshi, akaketi wima, na tukifika kwenye kona alisema "kona" baada ya kona kupita. Aliniita maitu, yaani mama, jinsi wazee wetu wanavyowaita wasichana wanaowapenda. Nami nilimwita guka, yaani babu. Ndivyo tulivyoishi miezi ile, mimi, guka na mtungi wa gesi, tukipitia Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki, ambako tuliacha mikate kwenye hoteli na maduka ya karibu na kambi ya wanajeshi. Siku nyingine tukashukia upande wa Tetu, Giakanja na Wamagana. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Naisema wazi kwa sababu wakati ule sikuisema. Kufunga mkate kwa karatasi ni kukaa, na kukaa kulikuwa kunaniua. Nikishika usukani ule mwili wote ulitulia, miguu ikapata kazi yake, macho yakapata kazi yake, na fujo iliyokuwa kifuani mwangu ikanyamaza hadi jioni.

Tatizo lilikuwa mtihani. Nilikwenda kuufanya mapema, kituo cha polisi, na nilijibu vizuri maswali yote ya ule ubao wa magari madogo ya mbao, nani apite kwanza na nani angoje. Halafu afisa wa mtihani akaja garini, akafungua mlango, akauona mtungi. Akafunga mlango polepole. Aliniambia hana neno na mimi, ila yeye hatakufa kwa ajili ya mtihani wa mtu mwingine, nirudi na gari la petroli. Nilimweleza kwamba limetoka Nanyuki asubuhi ile ile na hakuna aliyekufa. Alikuwa ameshaondoka. Kwa hiyo nikaendelea kuendesha kwa herufi nyekundu za mwanafunzi mbele na nyuma, na guka kando yangu, nikijua kwamba siku yoyote mzee akiumwa na mgongo mimi narudi mezani kufunga mikate.

Halafu lori la gesi likaanza kuchelewa. Kwanza lilichelewa kidogo, kisha likakosa kuja kabisa, na petroli wakati huo ilikuwa imeanza kupatikana tena. Bwana Ndirangu akaagiza kuni, akarudisha tanuri kwenye moto wa kuni, ukuta wa chumba changu ukaanza kunuka moshi. Jioni moja nilikuwa nakula githeri kitandani nikasikia sauti ya mkewe upande wa pili wa mbao. Alikuwa anauliza habari za Kamau, mpwa wake, aliyekuwa amerudi kutoka Nairobi na leseni na bila kazi. Bwana Ndirangu akamwambia asiwe na wasiwasi, gari linarudishwa kwenye petroli, na likisharudi Kamau atalichukua. Mkewe akauliza, na yule msichana? Akajibu kwamba msichana atarudi kufunga mikate, aliniweka pale kwa sababu ya gesi tu. Alisema bila ubaya wowote, akipiga miayo. Niliendelea kushika kijiko, githeri ikapoa. Kilichoniuma si kwamba alinichukia, hakunichukia. Ni kwamba nilikuwa nimedhani kiti kile ni changu.

Kesho yake akanituma nipeleke gari Majengo, kwa Fundi Athumani, na nikae huko nimsaidie ili kazi iishe haraka. Nadhani unaona kichekesho chake. Nilitumwa nikaze kwa mkono wangu mwenyewe kila skrubu itakayonitoa kwenye kiti. Fundi Athumani alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyokuwa nyeupe kweli kweli ingawa mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, na sijui alifanyaje. Baba yake alitoka pwani, mama yake alikuwa wa huku huku, naye alisema Kiswahili kilichonyooka kilichonifanya nione haya kusema "kitabu yangu" mbele yake. Alinikuta nimesimama kando ya gari na mikono kifuani. Akaingia chini ya gari, akaniita kutoka huko kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kama nimekuja kusimama basi mti wa uani unatosha. Nikainama. Nilitandika gunia nikalala chali kando yake, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukapata la kusema.

Waliyosema niliyasikia kwenye bomba la maji, nikinawa. Mmoja alisema nitasilimu kabla ya mwezi kuandama. Mwingine alisema Bi Zainabu ni mjinga. Na kwetu kanisani mama mmoja alinivuta kando akaniuliza, kwa upole mwingi, kama nimeanza kula kwao. Nilikuwa nimeanza. Kila mchana Bi Zainabu alituita ndani, chumba kile kile nilichoketi juzi na wanawake wa matanga, mkeka ule ule au ndugu yake, akaweka sinia moja ya wali na mchuzi wa mbuzi katikati yetu sote, fundi, watoto na mimi. Kwetu kila mtu ana sahani yake na anaijua. Hapo mkono wako unakutana na mikono ya wengine, na mimi mwanzoni nilikula kwa pupa, nikimaliza upande wangu kabla wengine hawajaanza, hadi Bi Zainabu akaanza kusukuma nyama kuelekea kwangu kimya kimya, na nikaona aibu nikajifunza kungoja. Alikuwa ananitania. Aliniuliza nitaolewa lini, nami nikamwambia nikipata mume anayejua kupika. Akasema basi nitazeeka. Kweli nimezeeka. Watu wameniuliza maisha yangu yote kama nilimpenda Fundi Athumani, na jibu ni kwamba niliwapenda wote wawili na ile sinia.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Kutoa gesi ni rahisi, unafunga mtungi, unafungua mpira, unatoa kopo la chuma la kuchanganyia gesi na hewa lililobanwa kwenye mdomo wa injini. Kurudisha petroli ndiko kazi. Kabureta ilikuwa imekaa katika sanduku muda wote ule, gasketi zake zimekauka na kuvunjika, tukakata mpya kwa katoni ya viatu. Pampu ilihitaji ngozi mpya. Na injini ilikuwa imebadilika tabia. Fundi alinieleza kwamba iliyozoea gesi imezoea kuwashwa mapema, lakini petroli inataka ingojwe kidogo, na kama hujaingoja injini itagonga hadi ijivunje. Alinipa kazi ya kusikiliza. Yeye angegeuza kigawa cheche kwa spana, unywele tu, mimi niseme sasa, na mara zote nilisema sasa mapema mno. Alikuwa na ile methali ya haraka haraka haina baraka, na niliichukia, nilimwambia hivyo. Akasema haipendi pia, lakini baba yake aliisema sana na sasa inamtoka yenyewe.

Siku moja, tukiwa chini ya gari, nikamwambia niliyoyasikia ukutani. Sikupanga kumwambia, nilikuwa namshikia taa tu. Nilisema Kamau atapewa gari na mimi sina leseni, na bila leseni hakuna mtu mwingine Nyeri nzima wala Nanyuki atakayenipa gari, na gari la kufanyia mtihani ni hili hili, ambalo likiwa na gesi afisa hapandi na likiwa na petroli si langu tena. Alikaza nati aliyokuwa anaikaza. Kisha akasema, "Alhamisi jioni litawaka. Bwana wako nimemwambia aje Jumamosi."

Nikamwambia, "Sijaelewa."

"Ijumaa ni yako, binti yangu. Simwongopei mtu. Nimesema Jumamosi, na Jumamosi atalipata."

Kilichokosekana kilikuwa tangi. Fundi wa Nairobi alikuwa amelitoa akaliacha uani kwa Bwana Ndirangu, na sasa halikuwepo. Bwana Ndirangu aliapa lipo, akatafuta kwenye kuni, akamshuku mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mzee Gathogo alisaidia kutafuta kwa bidii nyingi mno, akitazama mahali ambapo hata kuku hangeweza kujificha, na hapo nikajua. Nikaenda kwenye kibanda chake cha ulinzi. Tangi lilikuwa kando ya jiko, limefunikwa gunia na kulazwa kwenye majivu ya moto, na ukilisogezea sikio ulisikia linaongea. Guka alikuwa anapika muratina, pombe yetu ya asali, ndani yake. Asali, maji ya miwa, na lile tunda kavu lenye jina hilo hilo limekatwa vipande likatiwa humo, maana pombe ya kienyeji ilikuwa marufuku na kibuyu kila askari anakijua, lakini askari gani atafungua tangi la petroli? Alinieleza haya kwa fahari. Alikuwa ameliosha kwa maji moto na majivu kabla ya kuanza. Wazee wenzake walisema ina harufu kidogo, lakini inapanda upesi.

Nilimwita Fundi Athumani aje alione. Alisimama mlangoni, akaona tangi la petroli kando ya makaa, akasoma kitu kwa Kiarabu, kisha harufu ikamfikia akarudi nyuma hadi barabarani. Hakuligusa. Alisema yeye atafunga chochote nitakachomletea, lakini kulitoa na kuliosha ni kazi yangu na ya mwenye pombe. Guka hakubishana. Mchana ule aliwaita rika lake watatu, wakaketi kwenye mawe nyuma ya kiwanda wakainywa yote kwa makopo ya siagi, kimya, kama watu waliopewa kazi, na mmoja akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Kisha mzee akabeba tangi tupu mwenyewe hadi Majengo, akisimama kila mara kupumzika, akakataa nimsaidie. Nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni hadi maji yakatoka meupe. Nikalinusa. Nikaona linatosha.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kituo cha polisi kabla ya afisa mwenyewe. Guka aliketi kando yangu njia nzima na kofia yake, kisha akashuka akakaa kwenye benchi la wanaongoja, mikono juu ya magoti. Afisa alifungua mlango, akatazama nyuma ya kiti kwa muda, akapanda. Tulipita mjini vizuri. Niliashiria, nikasimama palipotakiwa, nikaupisha mkokoteni wa ng'ombe. Tukateremka hadi daraja la Chania, tukavuka, tukaanza kupanda ng'ambo, na hapo gari likaanza kukohoa. Nikabadilisha gia. Likakohoa tena, likazima, katikati ya mlima, na mkono wangu ukavuta breki kabla kichwa hakijajua. Afisa akatoa kalamu. Nikamwomba ruhusa ya kushuka, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikafungua boneti, na jambo la kwanza nililoliona ni kile kikombe cha glasi cha kuchujia petroli kwenye pampu. Kilikuwa kimejaa nyuzi za kahawia. Ni tunda la guka, vipande vilivyokuwa vimebanwa kwenye pembe za tangi ambako maji ya moto hayakufika.

Nikakifungua kikombe, nikamwaga, nikakipangusa kwa kitambaa changu cha kichwa. Afisa alikuwa ameshuka na kusimama nyuma yangu. Akaokota uzi mmoja kutoka barabarani, akaupeleka puani. Alikuwa Mkikuyu wa Othaya, alizaliwa na kukua kwenye nyumba kama zetu, hakuhitaji kuelezwa. Akaniuliza hii ni nini. Nilijua nikimtaja guka, mzee aliyeketi kwenye benchi lake mwenyewe la polisi, atalala ndani. Nikamwambia ni uchafu wa tangi, lilikaa nje muda mrefu. Akaunusa tena, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayekumbuka kwao. "Hii iko na asali," akasema. "Baba yangu alikuwa anaweka miwa peke yake." Kisha akautupa, akarudi kitini. Niliwasha, nikaachia breki, nikapanda mlima ule bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Tuliporudi akaandika, akanipa karatasi, akaniambia tangi linaoshwa kwa changarawe, si sabuni, unaitia ndani na kulitikisa. Nilimkimbilia guka. Niliinua karatasi. Hakuweza kuiona, lakini alisimama akapiga saluti.

Nimeendesha magari mengi tangu hapo. Niliendesha lori la mbao la mfanyabiashara mmoja wa Nanyuki, na gari la wagonjwa, na mwishowe basi la shule, ambalo liliniondolea sauti yote. Watu hudhani nitasema ilikuwa vigumu kuwa mwanamke barabarani miaka ile, nami huwaambia barabara haikuwa na shida, shida ilikuwa kwenye kuta za ofisi. Juzi, nikiwa nimesimama kando ya ile sukuma wiki, Bi Zainabu alinifuata nje akaniambia kwamba Ijumaa ile mumewe hakula. Aliswali, akarudi, akakaa mlangoni akisikiliza barabara, kila gari lililopita akisema si hilo, hadi akanisikia ninakuja na kabla hajaniona akamwambia mkewe apakue. Nilikuwa sijui. Nilikumbuka tu kwamba siku ile sinia ilikuwa bado ya moto.

Jumamosi ile Bwana Ndirangu alikuja akachukua gari lake, akalizunguka, akalipiga teke gurudumu, akamsifu fundi. Mimi nilirudi nalo kiwandani nikiendesha, yeye akiwa kando yangu kwa mara ya kwanza, na hakuacha kuongea juu ya unga. Kamau alikuwa anatungoja kwenye chumba cha mbele, kijana mpole, viatu vimepigwa rangi; sikuwahi kuwa na neno naye. Bwana Ndirangu akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nikamwekea karatasi ya leseni kwenye meza, juu ya unga. Aliisoma yote. Alisema ni jambo zuri, niitunze, siku moja itanifaa, na Jumatatu nianze mezani, kuna karatasi mpya za kufungia.

Nikamwambia, "Bwana Ndirangu, nikiendesha bomu lako hukuniambia nirudi mezani."

"Wangari, usinielewe vibaya," akasema, na kweli sauti yake ilikuwa ya upole. "Wakati ule hakukuwa na mtu."

Mzee Gathogo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshavaa kofia yake ya safari, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Kamau ana leseni yake na hahitaji mtu wa kukaa kando. Alisikia, na nikaona anaelewa yote mawili kwa pamoja, langu na lake. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya baraza, akamtazama Bwana Ndirangu pale alipodhani yupo.

"Tulikuwa wawili," akasema.

Nikachukua karatasi yangu, nikaikung'uta unga, nikaweka ufunguo mahali ilipokuwa. Kisha nikamshika guka mkono, kwa sababu ya ngazi, tukatoka kwa mlango wa wateja.